Hesabu za Pori la Nzagamba

"Hivi wewe, Mama Euphrasia, mbona mbung'o hawakuumi?"

Aliyeniuliza ni Paskalia, jirani yangu kambini Nzagamba, upande wa Geita, mwezi wa Machi mwaka 1951. Alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake akijikuna miguu kwa gunzi la mahindi, maana kucha hazikumtosha tena. Mimi nilikuwa nimetoka porini muda huo huo, nimetembea tangu jua kuchomoza, na mwilini sina alama hata moja.

Nikamjibu, "Bikira Maria ananikinga."

"Basi mwambie na mimi niko huku," akasema. "Mlango wa pili, mwenye miguu kama ya ng'ombe wa mnadani."

Tukacheka. Lakini jibu lile nililiamini. Nililiamini miaka mitatu, nikalisimulia kanisani Shinyanga mbele ya akina mama wenzangu, wakapiga vigelegele. Sasa naandika haya kwa ajili ya mjukuu wangu Serafina, maana baada ya Nzagamba tumebaki wawili tu. Siku atakapouliza mama yake alikwendaje kuishi Nzagamba, asiambiwe kwamba hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Nilijua siku tano kabla lori la kuwahamisha halijaondoka.

Mume wangu Marcel alikuwa mhesabu mbung'o. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wazungu wa utafiti walifyeka njia ya miguu ndani ya pori, ya mwendo wa saa tatu, wakatia alama kwenye miti arobaini. Mhesabu anavaa shati jeusi alilopewa, anachukua kimia chake kidogo chenye mpini, anatembea mpaka alama ya kwanza, anasimama. Mbung'o wanamfuata, wanatua mwilini mwake. Anawakamata, anawahesabu, anaandika kwenye daftari, anakwenda alama ya pili. Asiruke hata moja. Marcel alisoma misheni kama mimi, na hakujua kudanganya. Hata akicheza karata uso wake ulisema alichoshika. Siku ya kawaida alirudi na mbung'o tisini, mia.

Mwezi wa Februari homa ikamshika. Tulidhani ni homa hizi zetu, akanywa dawa, akaamka, akaanguka tena. Kisha akaanza kusinzia mchana, tonge mkononi. Tulijua ni nini, ila hakuna aliyelitaja jina. Aliyeandikwa malale, ule ugonjwa wa usingizi wa mbung'o, alipelekwa mbali, na njia yake akapewa mtu mwingine. Marcel akaniambia, "Zunguka wewe. Kusoma unajua, kuhesabu unajua. Andika unachokiona, usiongeze, usipunguze. Mimi nitatia sahihi."

Akanipa na shati lake jeusi. Sikulivaa. Masista walitufundisha kwamba mwanamke kuvaa vazi la mwanamume ni chukizo mbele za Mungu. Tena nilikuwa nimeweka nadhiri: mpaka Marcel apone, nitavaa nyeupe tupu kwa heshima ya Mama Maria. Nikaifungia sandukuni kaniki yangu, nguo yangu nyeusi ya kila siku, nikaenda dukani kwa Narendra kununua merikani, kitambaa cheupe cha pamba.

"Nyeupe, porini?" Narendra alishangaa, kipimo mkononi. "Mama, utafua mpaka vidole viishe."

Nikazunguka, Machi mpaka Agosti. Alama ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, mmoja. Siku nzima wanne, sita, siku nyingine wawili. Nikaandika wanne, nikaandika sita. Sikuongeza, sikupunguza. Shati lilisemwa ni sare tu ya kazi. Sababu yake hakuna aliyetueleza. Kila nilipofika alama ya mwisho bila kuumwa nilipiga magoti nikashukuru, nikijua nadhiri yangu imepokelewa, na kama imepokelewa kwangu basi na Marcel atapona.

Marcel alifariki Agosti. Nusu ya merikani ile tulimzikia. Nusu nikaikunja, nikamwambia binti yangu Euphrasia, "Hii ndiyo sanda yangu. Usije ukanizika na nyingine." Na njia ya Nzagamba ikafungwa, kwa kuwa haikuwa na mbung'o wa kuhesabu.

Mkubwa wa Marcel, Bwana Pelham, alikuja mazishini na kofia mkononi. Nasema ukweli, alikuwa mtu wa huruma. Alinileta Shinyanga, akanipa kazi ofisini kwake: kufagia kwanza, halafu alipoona nasoma tarakimu bila kukosea, akanikabidhi mashine ya kutolea nakala.

Sasa mwaka 1954 ofisi yetu ikapewa kazi kubwa. Wataalamu wa mbung'o wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa wakutane kwetu, na kila mmoja alileta makala ya utafiti wake. Zote zilitakiwa ziwe kitabu kimoja. Makala ilikuja kwa garimoshi, ikapelekwa kwanza kwa mtaalamu mwingine aikague. Huyo hakuwa na upole. Aliandika maswali pembeni kwa wino mwekundu: hapa umejuaje, hapa thibitisha, hapa ondoa. Makala ikarudi, mwenyewe akayajibu maswali kwenye kikaratasi kilichobanwa kwa pini, akasahihisha. Ndipo karani wetu Theonest alipoipiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta, na mimi nikaivisha stensili kwenye mashine na kuzungusha mpini, nakala mia moja na ishirini za kila ukurasa.

Zikikauka, nilizipanga mafungu mafungu juu ya meza ndefu. Nikaizunguka meza, fungu la kwanza karatasi moja, fungu la pili karatasi moja, kila karatasi na Salamu Maria yake, nisiruke hata moja. Mwisho wa mzunguko nikashona kwa sindano na uzi. Theonest alikuwa akinitania, "Mama Euphrasia, vitabu hivi vikifika Nairobi vitakuwa vimebatizwa tayari."

Wakati huo huo nyumba ya binti yangu ilikuwa katika hekaheka. Mumewe, Kalisti, alikuwa ameandikwa boma, ofisini kwa serikali, miongoni mwa watu watakaohamishiwa ardhi mpya. Huku Shinyanga udongo ulikuwa umechoka, pamba na ng'ombe wameumaliza. Na ardhi mpya ni ipi? Nzagamba. Boma lilisema pori lile limekatwa miti, limepimwa, ni safi. Euphrasia alifurahi kwamba anakwenda kulima karibu na kaburi la baba yake. Na mimi nilifurahi. Lori lilikuwa la Jumamosi.

Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nazungusha mpini, Theonest akiwa ameketi na makala mkononi akicheka peke yake.

"Mungu hajaumba mtu mwenye nafasi kama mzungu," akasema. "Huyu hapa amewavalisha watu nguo, wengine nyeusi, wengine nyeupe, akawatembeza porini, halafu akahesabu nani kafuatwa na mbung'o wangapi."

"Ikawaje?"

"Wa nguo nyeusi, arobaini na mmoja. Wa nguo nyeupe, watatu. Pori hilo hilo, siku hiyo hiyo. Kumbe mbung'o wanapenda giza kama wezi!"

Mkono wangu ukasimama kwenye mpini. Theonest akauliza kama wino umeisha. Nikasema haujaisha.

Nilimsikia Paskalia akijikuna kwa gunzi. Hivi wewe, mbona mbung'o hawakuumi?

Nikaenda mezani kwenye mafungu yaliyokauka. Ukurasa wa sitini na moja nilikuwa nimeutoa mwenyewe wiki iliyopita, na nilikuwa nimeliona jina la Nzagamba pale juu, nikalibusu, basi. Kiingereza sikukijua zaidi ya majina na tarakimu. Sasa nikampelekea Theonest. "Nisomee hii, mwanangu. Yote."

"Hii ni ya Bwana Pelham mwenyewe," akasema. Akasoma, akitafsiri polepole. Kwamba katika pori la Nzagamba mbung'o walipungua kutoka mia kwa siku mpaka wastani usiofika watano. Kwamba miti iliyokatwa ndiyo iliyowafukuza. Kwamba pori linafaa kukaliwa na watu na mifugo. Palikuwa na mchoro, mstari unakwenda juu juu, halafu unaporomoka kama mtu aliyeteleza kisimani. Chini pameandikwa miezi. Unaporomoka Machi.

"Mkaguzi alisemaje?" nikauliza.

Theonest akafungua faili, akatoa karatasi yenye wino mwekundu. "Kauliza swali moja tu. Anasema, miti imeanza kukatwa Mei, mbona mbung'o wamepungua Machi? Huyo mhesabu aliaminika?"

"Na Bwana akajibu nini?"

Akanitazama kidogo kabla ya kusoma kikaratasi cha pini. "Amejibu: mhesabu alikuwa Marcel, Mkristo wa kweli, ninamfahamu mimi mwenyewe, daftari zake ni za kuaminika kuliko zangu. Mkaguzi akaridhika." Akatabasamu. "Marehemu amekumbukwa vizuri, mama. Hata ukurasa wa mwisho ameshukuriwa kwa jina."

Nilikaa chini. Mbung'o mia walikuwepo kila siku. Walinipita wakaenda kumuuma Paskalia.

Nikatafuta namna ya kunyamaza, nisiseme uongo. Nikifungua kinywa, Marcel ambaye hakudanganya hata kwenye karata atakuwa mtu aliyetia sahihi njia asiyoitembea. Nikinyamaza, Euphrasia anapanda lori. Nilisali rozari nzima huku nikifagia, na nilipofika mwisho nikachukua karatasi mbili, ya nguo na ya Nzagamba, nikabisha mlango wa Bwana Pelham.

"Bwana, hizi mbili ziko katika kitabu kimoja," nikasema, "na hakuna aliyezisoma pamoja."

Akazisoma zote mbili. "Unataka kusema nini, mama?"

"Kuanzia Machi aliyezunguka ni mimi. Marcel alikuwa kitandani. Nilivaa nyeupe."

"Na shati?"

"Sikulivaa."

"Siku zote?"

"Siku zote, Bwana. Mpaka tulipomzika."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliuweka mkono wake juu ya ule mchoro, kama mtu anayeziba kidonda. Nje garimoshi la mchana lilipiga honi.

"Mkaguzi aliuliza," akasema. "Aliuliza, na mimi nikamjibu."

"Mwandikie tena, Bwana. Binti yangu anahamia huko Jumamosi. Ana mtoto wa miezi minane."

"Kuhamisha watu si kazi yangu. Ni kazi ya boma."

"Boma limesoma hii."

Akainuka, akasimama dirishani. Akasema akiitoa makala ile lazima aeleze sababu, na akieleza sababu watauliza daftari za wahesabu wengine wote, za miaka yote, nani alitembea na nani hakutembea, na wageni wanaingia Alhamisi. Akasema baada ya mvua atatuma mtu mwenye shati jeusi akaitembee njia ile upya.

"Baada ya mvua watakuwa wamekwisha jenga," nikasema.

"Najua." Akanirudishia karatasi zangu. "Acha nifikiri, mama. Endelea na kazi."

Asubuhi iliyofuata Theonest alinikabidhi stensili moja mpya. Moja tu. Ilikuwa ya ukurasa wa mwisho wa makala ya Nzagamba. Nikaishika kwenye mwanga, nikaitafuta ile sehemu ya shukrani, ambayo mahali pake nilikwisha pajua. Jina la Marcel halikuwepo. Hesabu zilibaki, mchoro ulibaki, pori lilibaki safi. Aliyeondoka ni mtu wa kuulizwa habari zake.

"Kuna nini, mama?" Theonest aliniuliza. "Ameniambia tu niondoe mstari mmoja."

Nilivisha stensili nikazungusha. Jumatano na Alhamisi niliizunguka meza, fungu kwa fungu, nikashona vitabu mia moja na ishirini. Nilijiambia nikikataa atashona mwingine. Nilijiambia Bwana bado anafikiri. Salamu Maria hazikutoka. Nilipofungua kinywa nilijikuta nahesabu. Wageni wakaja, wakafungua vitabu vile, nikawapelekea chai. Nilisimama ukutani na sinia nikingoja mmoja wao asome ukurasa wa ishirini na tatu, ule wa nguo, kisha wa sitini na moja, ule wa Nzagamba, ainue macho. Walikuwa watu wenye akili. Kila mmoja alifungua makala yake mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda boma. Karani wa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia la nne. Akasema, "Mayu, mama yangu, nenda nyumbani."

Jumamosi Euphrasia alikuja kuniaga, jua halijawa kali. Serafina alikuwa mgongoni, amefungwa mbeleko mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa."

"Sikai, Kalisti anapakia kuku, na unamjua, atapakia jogoo kichwa chini. Nimekuja unibariki twende."

"Usiende."

Akacheka. "Haya, yameanza."

Nikamweleza. Nilimweleza yote kwa utaratibu kama nilivyoyaandika hapa: homa, daftari, shati, merikani, makala ya nguo, mchoro. Alisimama akimtikisa mtoto. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni zamani.

"Kwa hiyo baba alitia sahihi uongo," akasema.

"Hesabu zilikuwa za kweli. Niliandika nilichokiona."

"Njia aliitembea?"

"Hakuitembea."

"Basi." Akaitengeneza mbeleko begani. "Na ile ya Bikira Maria je? Umeisimulia mpaka kanisa zima wanaijua. Mimi nimemsimulia mama mkwe wangu, akalia. Leo si Bikira Maria tena, ni kitambaa cha Narendra?"

Neno hilo lilinichoma kuliko yote, maana nilikuwa nimejiambia mwenyewe wiki nzima. "Leo ni kitambaa," nikasema.

"Wazungu wamepima. Boma limepima. Kalisti amekwisha rudisha shamba kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, amepewa mtu mwingine, jana wameng'oa mpaka mihogo. Unataka tulale wapi, mama? Hapa, juu ya kinu chako?"

"Hapa hapa. Tutabanana."

"Na kile kitabu, nani amekishona?"

Nikamfunika mtoto vizuri kwa mbeleko.

"Nakuuliza, mama. Theonest kamwambia Kalisti kwa kujisifu, vitabu mia na ishirini, mama mkwe wako kavishona kwa mkono wake wiki hii. Ungekuwa unaamini haya unayoniambia, ungeshona?"

Jibu la hilo nimelitafuta kwa mapadri wawili.

"Sema tu unaogopa kubaki peke yako," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hilo ningelielewa. Usimchafue baba kaburini kwa ajili ya hilo."

Niliona atakwenda. Basi nikafanya lile moja lililobaki. Niliingia ndani nikafungua sanduku, nikatoa ile nusu ya merikani, nyeupe bado, imekunjwa na majani ya mrehani. Nikamwekea mikononi.

"Chukua hii. Kata, vaa wewe, mvalishe na mtoto. Ukienda kuni, ukienda kisimani, ukienda shamba. Usivae kaniki huko, nakuomba. Nyeupe tu."

Aliikunjua kidogo. Nikaona macho yake yakiutambua upindo, pale ilipokatwa tulipomzika baba yake.

"Hii si ndiyo sanda yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Sina nyingine nyeupe. Ichukue."

Alikitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, kisha akageuza shingo akamtazama mtoto mgongoni. Akaikunja tena taratibu, pindo juu ya pindo, kama ilivyokuwa. Akaiweka juu ya benchi karibu na mlango, akakaza fundo la mbeleko kifuani, akatoka.